Ngombe Yenye Ilipanda Mugongo

Siku ya Mungu, kisha misa, Sebarenzi alikuwa na ngombe mu mufuko. Haikuwa ngombe muzima. Alikuwa na faranga elfu moja na mia tano, na mwenye ngombe, kule Masisi, alikuwa anaomba elfu moja na mia nane. Kwa ile hesabu, ngombe ilikuwa na kichwa, tumbo na miguu tatu. Mia tatu za muguu ya ine, Sebarenzi alizitafuta mu kambi muzima ya machimbo posho mbili, ni kusema juma mbili, hakuzipata. Njo vile alishuka Mubi, ku baraza ya duka, fasi batu walikuwa banacheza karata.

Ile ngombe haikuwa yake ya kukamua. Ilikuwa ya kumaliza mahari. Mutoto yake Védaste alikuwa anaoa Emérita, binti ya Hakorimana. Mbuzi ine zilishafika, zikaliwa; majembe mbili yalishafika, yakalima. Kulibaki ngombe tu. Padri alikuwa anapita kambini mara moja kwa miezi tatu, na alikuwa anafika siku ya Mungu yenye kufuata. Majina ya batoto yalishasomwa mara mbili ku kanisa.

Na muntu mwenye alikuwa amekaa ku meza ya karata, kofia nyuma, meno inje, alikuwa nani? Hakorimana mwenyewe, baba ya bibi-arusi.

Bibi yake, Mukamurenzi, alikuwa chini ya ngazi ya baraza na sinia yake ya ndizi za kuchoma. Alikuwa mama mufupi, wa maneno kidogo na masikio mingi. Karata hakuzipenda, lakini bachezaji walikuwa banakula sana, zaidi benye walikuwa banapoteza. "Muntu mwenye anashinda anakunywa," alizoea kusema. "Mwenye anashindwa, yeye njo anasikia njaa."

Mwenye meza alikuwa Benoît, muuzaji wa ile duka, mwanajeshi wa zamani, muntu wa jimbo ya Équateur, mwenye alileta ile muchezo ku Mubi. Jina yake ilikuwa vingt-et-un. Unapewa karata mbili, unahesabu; mufalme na mwanamuke wa taji ni kumi kila mumoja. Mwenye anakaribia ishirini na moja anakula, mwenye anapita anakufa. Benoît alikuwa anashika karata ingine kati ya bidole mbili, anauliza kwa Lingala yake: "Oyo?" Maana yake: hii? Kama unaitaka, unajibu "Oyo," anaitupa. Kama hauitaki, unasema "Nafunga." Ilikuwa muchezo ya maneno mbili tu, hata mulevi aliweza kuzijua.

Sasa Hakorimana, kwa siku za Mungu tatu, alikuwa na mukono ya bahati. Na fasi iko bahati, nzi hazikose. Batu benye waliogopa kucheza wenyewe walianza kuweka pesa yao ku karata zake. Kambini waliita hiyo "kupanda mugongo." Unaweka pesa yako pembeni ya pesa ya Hakorimana, unasema: "Papa, unibebe." Kama anakubali, anaivuta na mukono yake mwenyewe, anaiweka chini ya pesa yake. Akikula, munakula wote. Akikufa, munakufa wote. Na sheria ilikuwa moja: mutoto wa mugongoni haonyeshe mama njia. Ukishapanda, unafunga kinywa.

Sebarenzi aliweka mia tatu.

"Bamwana, unibebe," alisema. Bamwana njo jina yenye bazazi ya bibi-arusi na ya bwana-arusi banaitana.

"Wewe!" Hakorimana alicheka. "Unataka nikubebe, na bibi-arusi nikubebee?"

"Bibi-arusi ana miguu yake. Mimi njo nilichoka."

Batu walicheka. Hakorimana alivuta ile mia tatu. Alipata kumi na mufalme: ishirini. Alifunga. Benoît alikuwa na kumi na nane. Akalipa.

Sasa ngombe ilikuwa na miguu ine. Elfu moja na mia nane, taslimu. Mukamurenzi, pale chini, alishaihesabu. Alisimama kidogo, kama muntu mwenye anataka kukunja kitenge, apate kumuona Sebarenzi usoni. Aliona kitu hakuipenda. Ile uso haikuwa uso ya muntu mwenye amepata ngombe. Ilikuwa uso ya muntu mwenye anaona ngombe ya pili.

"Bamwana," Sebarenzi alisema, "unibebe mara moja tena. Na yote."

Batu walisogea karibu na meza.

"Yote gani?" Hakorimana aliuliza.

"Elfu moja na mia nane. Ngombe moja ya kwako, moja ya kwangu. Tunaoza batoto, tunabaki bachungaji."

Benoît alifungua bati yake ya biskiti, fasi ya pesa yake, akaangalia ndani, akafunga. "Nitalipa," alisema. "Mimi sina harusi."

Hakorimana aliangalia ile pesa. Angeweza kusema: Rudisha mufuko, bamwana, enda ununue. Lakini batu kumi na tano walikuwa banamuangalia, na tangu azaliwe, kule Nyamitaba, hakuna siku batu kumi na tano walimuangalia pamoja, isipokuwa siku yenye alianguka na mutungi ya pombe ku arusi moja. Alinyoosha mukono. Alivuta pesa polepole, akaiweka chini ya faranga yake ishirini.

"Ee Yesu," Mukamurenzi alisema kwa sauti ya chini.

Karata zikakuya: mwanamuke wa taji, na tisa. Kumi na tisa. Muntu yote ya akili anafunga ku kumi na tisa. Benoît alishika karata ingine kati ya bidole. "Oyo?"

Hakorimana alifungua kinywa kusema "Nafunga." Na pale pale Sebarenzi, mwenye jasho ilikuwa inamushuka mu masikio, aliinama nyuma yake na kusema mbiombio, kwa luga ya kwao: "Ongera!" Ongeza.

Kwa hasira, Hakorimana alimujibu kwa ile luga, bila kugeuka. Alisema: "Oya!"

Kwa batu ya Masisi benye banasema Kinyarwanda, oya njo hapana. Inasemwa ku mutoto, ku mbuzi, ku shetani. Lakini Benoît hakuzaliwa Masisi. Masikio yake yalisikia kitu yenye yalizoea kusikia. Karata iliruka, ikaanguka ku meza, uso juu.

Saba.

"Makumi mbili na sita," Benoît alisema. "Kufa."

"Nilisema oya!"

"Ulisema oyo."

"Oya! Ni hapana! Kila muntu anajua ni hapana!"

"Ku meza yangu, hapana ni 'nafunga,'" Benoît alisema. "Karata ikigusa meza, imeliwa." Na kwa kuwa alikuwa na roho ya kuumiza kidogo, alifunua zake: kumi na saba.

Mukamurenzi hakuuzisha tena ndizi ile siku. Hata benye walishindwa walisahau njaa.

*

Siku ya kwanza ya kazi, kambi yote ilishajua. Ku mutoni, bamama walisikia Mukamurenzi anakuya, wakanyamaza. Kiisha mumoja, Françoise, akashindwa kujizuiza.

"Mama Emérita, samahani. Banasema ngombe yenu ilikufa. Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Ugonjwa ya masikio," Mukamurenzi alijibu, na akajaza maji yake.

Saa ya kula, Hakorimana alikimbia ku duka, na nguo ya kazi, matope mpaka magoti. Benoît alikuwa anapima chumvi.

"Kaka Benoît. Wewe ni muntu muzima. Unajua sikuitaka ile karata. Nani anaitaka karata ku kumi na tisa?"

"Mimi niliona batu banaitaka ku ishirini. Batu iko na roho mingi."

"Unirudishie hata nusu."

"Nusu ya nini? Ulisema nusu ya oyo?"

"Nitaenda kumwambia muzungu ya kambi."

Benoît aliweka chumvi chini. Hakukasirika, alimuangalia kwa huruma, sawa vile dokta anaangalia muntu mwenye alikunywa dawa ya kupakaa. "Enda. Umwambie: Bwana, nilikuwa nacheza karata ya pesa, kitu yenye umekataza. Kiisha uniambie alikupiga ngapi." Alisukuma karatasi ndogo ya chumvi. "Beba hii. Ya bibi yako. Ndizi zake ziko nzuri."

Hakorimana aliichukua. Hiyo njo ilimuuma zaidi, kwamba aliichukua. Alifika nayo nyumbani, akaiweka pembeni ya jiko, hakusema ilitoka wapi.

Mangaribi, Sebarenzi alituma neno, hakukuya mwenyewe. Neno ilikuwa hivi: Pesa ya ngombe niliitoa. Hakorimana aliipokea na mukono yake, mbele ya batu. Kitu yenye alifanya nayo kisha pale, hiyo ni ya nyumba yake. Mahari imekwisha.

"Imekwisha!" Hakorimana alisimama, kiti ikaanguka. "Alicheza pesa yake, anasema nilikula ngombe! Ngombe gani? Niko na maziwa ku ndevu?"

Emérita alikuwa anachambua maharagi pale ku mulango. Alikuwa binti wa miaka kumi na nane, mupole, lakini ulimi alichukua kwa mama.

"Papa," alisema, "nilitaka kuuliza tu. Leo mimi niko na bei ngapi?"

Hakorimana aliinama kuokota kiti. Emérita aliendelea kuchambua, lakini mawe alianza kuziweka fasi ya maharagi, na maharagi fasi ya mawe.

Mukamurenzi alingoja binti aende kuchota maji. Kiisha alisema: "Nilimusikia."

"Nani?"

"Sebarenzi. Alikuambia 'ongera.' Alivunja sheria. Wewe ulimujibu yeye, haukumujibu Benoît."

Hakorimana alimuangalia kama muntu mwenye alipata mulango mu ukuta. "Na wewe ulisikia! Kweli kabisa?"

"Niko na masikio."

"Basi imekwisha! Mutoto wa mugongoni alisema, makosa ni yake. Utasema hivyo mbele ya Papa Jean-Bosco wa kanisa. Atatafuta ngombe ingine!"

"Ataitoa wapi?"

"Hiyo ni yake."

"Alijaribu miaka mitatu kupata hii. Tungoje mitatu ingine? Védaste atangoja? Emérita atangoja?"

Hakorimana alikaa. Sauti yake ilishuka. "Na sisi? Kontra yangu ya kazi inakwisha kisha miezi mbili. Ile ngombe njo ilikuwa iturudishe kwetu. Mbolea ya shamba, maziwa ya mama yangu, kila kitu. Bila ngombe, nitaweka kidole tena ku karatasi yao ya kontra, niko mu matope miaka tatu. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo. Kila asubui, tangu walifika hapa mu pori, Mukamurenzi alikuwa anaangalia juu kutafuta milima, anaona majani ya miti tu. Alifikiri juu ya shamba yao ya maharagi, ginsi inalala upande kama muntu mwenye amechoka. Kiisha aliona ile karatasi ya chumvi, akauliza: "Na hii?"

"Nilinunua," Hakorimana alisema.

*

Siku ya tano, kisha kazi, jua ikingali juu, walikutana ku lupango, kiwanja ya nyumba ya Hakorimana. Papa Jean-Bosco, mwalimu wa dini, alikaa kati, miwani yake imefungwa na uzi. Sebarenzi alikaa upande moja na mutoto yake Védaste, kijana mwenye alikuwa anaangalia miguu yake kama anaogopa ziende bila yeye. Hakorimana upande ingine. Mutungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa pale na mirija, lakini hakuna mwenye aliigusa. Kwa desturi, haifunguliwe mpaka baba ya binti aseme neno moja: Imefika.

"Baraka ya karata sina," Papa Jean-Bosco alianza. "Na zambi ya karata tutaisema ku kitubio, kila muntu na yake. Leo niko na ulizo moja. Hakorimana, ngombe imefika?"

"Haijafika."

"Nilimupa!" Sebarenzi alisema.

"Ulipanda mugongo!"

"Na nani alinivuta? Mukono ya nani ilivuta ile pesa? Ya paka?"

"Na nani alisema mu sikio yangu?"

Sebarenzi alitoa kofia. Kiisha alisema, si kwa nguvu: "Mimi sikusema kitu."

"Niko na shahidi," Hakorimana alisema, na akaita: "Mama Emérita! Kuya useme."

Bamama hawasemake ku maneno ya mahari. Wanapika, wanasikia mu ukuta, kiisha wanasema yote ku kitanda. Mukamurenzi alitoka polepole, anapangusa mikono. Nyuma yake, mu giza ya mulango, alijua Emérita amesimama.

"Mama," Papa Jean-Bosco alisema, "tunakusikiliza. Na Mungu anakusikiliza."

"Asante, Papa. Mimi sitasema uongo, sina nguvu ya kuukumbuka." Aligeukia Sebarenzi. "Papa Védaste, nilikuwa chini ya ngazi. Ulisema kitu ao haukusema?"

Sebarenzi alizungusha kofia yake mu mikono, mara moja, mara mbili. Védaste alimuangalia, na njo ile macho ilimushinda.

"Nilisema," Sebarenzi alijibu. "Nilisema ongera. Kinywa ilisema yenyewe."

"Aaa!" Hakorimana alipiga magoti yake. "Mumesikia! Imekwisha!"

"Haijakwisha," Mukamurenzi alisema. "Niliitwa niseme, sijamaliza."

Hakorimana alimuangalia.

"Papa Védaste alivunja sheria. Ni kweli. Lakini sheria ya nini? Ya karata. Ni sheria ya Benoît, mwenye alikula pesa yetu yote akatupatia chumvi." Hapo Hakorimana aliinama: kumbe bibi yake alijua chumvi haikununuliwa. "Hapa tunasema sheria ya ngombe. Mimi nilizaliwa mu rugo, mu boma ya ngombe, nitawauliza tu. Muntu analeta ngombe ku rugo yako. Wewe unashika kamba na mukono yako. Kiisha unaacha mulango wazi, ngombe inakimbia mu pori, chui inaikula. Ile ngombe ilifika ao haikufika?"

Muntu mumoja nyuma akakohoa. Papa Jean-Bosco alitoa miwani, akaipangusa.

"Ilifika," alisema.

"Na kama mwenye kuileta njo aliifanyia kelele, ikashituka?"

"Alifanya vibaya. Lakini ilifika."

"Basi, Papa, hiyo njo nilisikia na hiyo njo niliona. Bwana yangu alivuta kamba na mukono yake. Niliiona. Ngombe ilifika siku ya Mungu, saa tisa. Ilikaa kwetu dakika mbili. Hatukuikamua."

Walicheka, hata Védaste, hata Papa Jean-Bosco mwenye hakutaka. Hakorimana peke yake hakucheka. Uso yake ilikuwa inawaka. Bibi yake alimuvua nguo mbele ya batu, na alifanya hivyo kwa ukweli, kwa hivi hakukuwa hata fasi ya kujifunika.

"Mimi ni mama tu," Mukamurenzi alisema, sasa kwa sauti ya chini, na kwa bwana yake peke yake. "Neno si yangu. Ni yako, Papa Emérita."

Alirudi ku mulango. Hakuingia.

Hakorimana aliangalia mutungi. Aliangalia Védaste, kijana wa mikono mizuri, mwenye hakucheza karata hata siku moja. Aliangalia mikono yake mwenyewe, kucha zenye zilikuwa na matope ya machimbo, yenye haitokake hata na sabuni. Miaka tatu. Wote walikuwa banangoja, na ilikuwa mara ya pili posho moja batu kumi na tano walikuwa banamuangalia, lakini sasa aliona vizuri kwamba ile macho haimulipe kitu.

"Hakorimana," Papa Jean-Bosco alisema. "Ngombe imefika?"

"Imefika," Hakorimana alijibu.

Mu nyumba, sufuria ilianguka, na Emérita hakuiokota. Sebarenzi alisimama kushika mukono ya bamwana wake, haya ikamushika, akarudi akakaa, kiisha akasimama tena. Alisema kwamba mbuzi yake ikizaa, ya kwanza itakuya hapa. Hakuna mwenye alimuuliza kama ana mbuzi. Papa Jean-Bosco aliingiza murija mu mutungi, na Védaste njo alimutolea Hakorimana murija ya kwanza, kwa mikono mbili, magoti chini.

Bageni walipoenda, jua ilikuwa inaingia mu miti. Hakorimana alibaki ku kiti, Mukamurenzi anakusanya mirija.

"Ulinipatisha haya," Hakorimana alisema.

"Ndiyo."

"Mbele ya batu."

"Mbele ya batu njo ulivuta ile pesa."

Ku upande ya nyumba, Emérita alikuwa anaimba kidogo, akakumbuka wazazi wake banasikia, akaacha.

"Kesho nitaenda ku biro ya kambi," Hakorimana alisema. "Nitaweka kidole."

"Najua."

"Miaka tatu, Mama Emérita. Na kisha ile miaka tatu, tutarudi Nyamitaba na nini?"

Mukamurenzi aliweka mirija chini ya mukono, akainua mutungi, akautikisa kusikia kama kulibaki kitu. Kulibaki kidogo. Akamumiminia.

"Na miguu," alisema. "Kunywa."